Milango ya Uani ya Kazi ya Programu

Wako wanaodhani kwamba kazi ya kuandika programu za kompyuta ni milki ya waliohitimu chuo kikuu, na kwamba mwingine yeyote aonekanaye humo ameingia kwa kudura. Dhana hiyo, kwa mwenye kuifuatia tarikhi ya Kanda ya Ziwa, haina mashiko. Wakulima wa pamba wa huku, walipochoka kupunjwa katika mizani za wafanyabiashara, waliweka wapimaji wao wenyewe, na juhudi hizo zikazaa ushirika mkubwa ulioundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Na karani wa ushirika aliyesoma uzito, akauzidisha kwa bei, akatoa makato, akaandika stakabadhi, asiruke hatua hata moja kwa gunia lolote, alikuwa akiifanya kwa kalamu kazi ambayo leo huamrishwa mashine.

Mashine yenyewe, kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikupita miaka kumi, hesabu za Serikali zikiwa zimevurugika ndani ya kompyuta na kuleta hasara, ikatoka amri ya mwaka 1974 ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, ila kwa idhini maalumu. Siilaumu sana amri hiyo, maadamu fedha za kigeni zilikuwa adimu. Lakini athari yake ni kwamba, ijapokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata kituo chake cha kompyuta, mikoani watu walibaki na taipureta, na mashine zilipoanza kuenea baada ya marufuku kulegezwa ziliwakuta wapiga chapa, mafundi redio na walimu wa hisabati, wala si wahandisi.

Mrithi wa fundi redio yupo Mabatini, jijini Mwanza, naye ni fundi simu. Huletewa simu iliyogoma kwenye nembo, akaiunganisha na kompyuta kuukuu ili aiflashi, yaani aiwekee upya programu yake ya mfumo, akatafuta faili la toleo lile lile, kwani la toleo jingine laweza kuiua kabisa. Ikimshinda husoma ujumbe wa kosa neno kwa neno, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, hata siku moja akathubutu kubadili mstari mmoja wa maagizo ili aone litakalotokea. Hapo, kwa rai yangu, ameshaingia katika fani, awe na cheti au asiwe nacho.

Mrithi wa mpiga chapa, ambaye aghalabu ni binti, hakupata bahati hiyo ya kuthubutu, na jambo hili ndilo la kustaajabiwa, kwani huko Marekani kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa mwaka 1946, ilipangiwa kazi na wanawake sita waliotoka katika kukokotoa hesabu kwa mkono. Binti wa steshenari hushinda mbele ya kompyuta kutwa akichapa barua na wasifu wa watu, akaijua kuliko mwenye duka. Lakini ikigoma huambiwa asiiguse, na kaka wa kibanda cha pili akaitwa.