Picha Bomu na Lugha ya Kuzihakiki: Historia Fupi ya Ubishi

Sisi wanafunzi wa fasihi tunalo neno moja tunalolitumia kama rungu. Neno lenyewe ni "mbovu". Filamu fulani ni mbovu, riwaya fulani ni mbovu, basi. Mjadala umefungwa na watu waende kula. Lakini neno hili halimwambii msikilizaji kama filamu hiyo imekosa fedha, imekosa akili, au imekosa tu kuzaliwa katika ukoo wa filamu ambazo wasomi wamezoea kuzikaribisha sebuleni. Hayo ni mambo matatu, na hayafanani. Makala haya yanakusudia kufuatilia jinsi wapenzi wa sinema wa Ufaransa na Marekani walivyobishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka arobaini, kisha yaangalie ubishi huo ukifika huku kwetu unakuta nini. Dai langu ni kwamba unawakuta watazamaji wa vibanda vya video wakiwa na msamiati wao tayari, na msamiati huo unapima vizuri zaidi kuliko huo wa "mbovu".

Tuanze na Wafaransa, maana wao ndio waliotangulia kulifanya jambo hili kuwa suala la heshima. Mwaka 1953 Ado Kyrou, mfuasi wa usurrealisti, alichapisha kitabu juu ya usurrealisti katika sinema. Humo aliwahimiza watu wajifunze kutazama filamu zilizodharauliwa, kwa kuwa ndani yake aliona ndoto ambazo filamu zenye adabu zake haziwezi kuota. Miaka hiyohiyo vijana wa jarida la Cahiers du cinéma, lililoanzishwa mwaka 1951, walikuwa wakizitetea filamu za Hollywood ambazo wazee wao waliziona kuwa ni bidhaa za dukani tu. Mwezi wa Januari 1954 François Truffaut, akiwa hajafikisha hata miaka ishirini na miwili, aliishambulia sinema ya Kifaransa iliyojisifu kwa kutegemea riwaya kubwa. Ndugu msomaji, angalia umri huo. Huyu angekuwa mwenzetu wa mwaka wa tatu.

Huko Marekani, Manny Farber aliandika mwaka 1962 insha iliyogawa sanaa katika makundi mawili: sanaa ya tembo mweupe na sanaa ya mchwa. Tembo mweupe ni kazi kubwa, nzito, inayotaka kila kona yake ionekane kuwa na maana. Mchwa ni kazi inayotafuna njia yake kimyakimya bila kujali kama kuna anayeitazama. Kwetu sisi, ambao mchwa hutulia hadi vitabu, sifa hii inachekesha kidogo, lakini mantiki yake naikubali. Farber alitaka tuangalie kazi inavyofanyika ndani, tuache kuangalia cheo chake.

Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1964, Susan Sontag alitoa katika jarida la Partisan Review madondoo yake hamsini na manane juu ya mtazamo unaoitwa kempu. Kwa ufupi, mwenye mtazamo huo hupenda kilichotiwa chumvi kupita kiasi, na hasa kazi iliyojichukulia kwa dhati kabisa kisha ikashindwa. Ni insha kali, yenye akili nyingi. Ila naona ilileta ugonjwa mmoja: tangu hapo mtazamaji msomi akawa anaweza kuipenda filamu huku amesimama mbali nayo, mkono mmoja mfukoni, akitabasamu. Aliyeitengeneza hayumo katika utani huo. Yeye ndiye anayetaniwa.

Aliyenivutia zaidi katika historia hii ni Pauline Kael. Mwezi wa Februari 1969 gazeti la Harper's lilichapisha insha yake ndefu juu ya takataka, sanaa na sinema. Watu wengi humtaja Kael kana kwamba alisema takataka ni sanaa. La hasha! Alisema karibu kinyume chake: kwamba takataka tunazifurahia, na ni unafiki kwenda kutafuta istilahi za kitaaluma ili furaha hiyo ionekane imevaa tai. Alithubutu hata kuipendelea Wild in the Streets, filamu ya bei nafuu ya mwaka 1968 kuhusu vijana wanaotwaa serikali, kuliko 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick iliyotoka mwaka huohuo na kupigiwa magoti na wengi. Mimi 2001 naipenda, na sidhani kwamba Kael aliitendea haki. Lakini angalau alihukumu kwa alichokiona na kukisikia mwenyewe kitini, na akasema hivyo kwa Kiingereza cha watu.

Sasa tunafika kwa Ed Wood, na hapa inabidi tukae kidogo. Filamu yake ya Plan 9 from Outer Space ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na kusambazwa mwaka 1959. Sehemu ya fedha ilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibaptisti. Nyota wake, Bela Lugosi, alikuwa amefariki mwezi wa Agosti 1956, akiwa ameacha vipande vichache tu vya picha alizopigwa. Wood akavitia vipande hivyo ndani ya filamu, na pale palipohitajika Lugosi zaidi akamweka Tom Mason, mtaalamu wa kunyoosha viungo aliyekuwa akimtibu mke wake, akajifunika uso kwa joho ili watu wasimgundue. Waligundua, bila shaka. Mason hakufanana na Lugosi hata kidogo.

Wood alifariki mwezi wa Desemba 1978. Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, walitoa kitabu kiitwacho The Golden Turkey Awards, yaani tuzo za bata mzinga wa dhahabu, maana katika lugha ya wasanii wa Marekani bata mzinga ni onyesho lililoanguka. Humo Plan 9 ilitajwa kuwa filamu mbaya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, na Wood mwongozaji mbaya kuliko wote. Hivyo ndivyo alivyopata umaarufu: akiwa kaburini, kwa kuchekwa. Mwaka 1994 Tim Burton alitengeneza filamu kuhusu maisha yake, nayo ikachukua tuzo mbili za Oscar. Filamu ya kumhusu "mbovu kuliko wote" ikashinda tuzo ambazo yeye mwenyewe hata mlangoni asingefikishwa.

Nikiisoma habari hii najiuliza: walichokicheka kina Medved ni nini hasa? Ukiichambua orodha ya makosa ya Plan 9, mengi yanatokana na ufukara. Makaburi yanatikisika kwa sababu ni ya maboksi. Usiku unageuka mchana kwa sababu hakukuwa na fedha za taa wala muda wa kurudia. Makosa mengine ni ya Wood mwenyewe: mazungumzo yake ni ya ajabu, mtu mzima hasemi vile. Haya mawili yalipaswa kutenganishwa. Neno "mbaya kuliko zote" liliyafunga kifurushi kimoja, na msomaji akauziwa kicheko cha tajiri kwa nyumba ya maskini akidhani ni uhakiki.

Kulikuwa na mhakiki mwingine aliyejaribu njia tofauti. Kuanzia mwaka 1982 gazeti la Dallas Times Herald lilikuwa na safu ya Joe Bob Briggs, jina la kubuni la mwandishi John Bloom. Briggs alihakiki filamu za kwenye viwanja vya magari, na alimalizia kwa hesabu: maiti wangapi, mapigano ya aina gani, magari mangapi yamelipuka. Utaona ni mzaha, lakini hesabu ile ilimweleza mteja kile anachokwenda kulipia. Ilikuwa lugha ya watazamaji wenyewe, au angalau aliiga lugha yao. Tatizo ni kwamba mzaha haukujua mipaka. Mwaka 1985 Briggs aliugeuza utani ule wimbo wa hisani ulioimbwa kwa ajili ya wenye njaa wa Afrika; watu weusi wa Dallas wakaja juu na gazeti likaifuta safu yake. Nalitaja hili kwa sababu wapenzi wa takataka hupenda kujiona wako upande wa wanyonge. Si mara zote.

Vyuo vikuu vilipoingia rasmi, hapo lugha ikabadilika tena. Mwaka 1995 Jeffrey Sconce aliandika katika jarida la Screen kwamba mashabiki wa filamu zilizotupwa walikuwa wameunda ladha ya upinzani dhidi ya wasomi. Akaziita filamu hizo parasinema, yaani sinema za kandokando. Alimtumia Pierre Bourdieu kuonyesha kwamba ladha ni vita ya nafasi katika jamii. Nakubali. Ila angalia kilichotokea: shabiki aliyekuwa akibishana ili afurahie filamu yake sasa ameshakuwa data. Na wengi wa mashabiki wale, Sconce mwenyewe alionyesha, walikuwa watu waliosoma.

Hebu turudi huku. Kwanza, sarufi. Picha ya ukutani ni "picha hii", lakini filamu ya ngumi ni "picha la ngumi", na "limeanza", na "lina stelingi mkali". Mtazamaji ameihamisha nomino kutoka ngeli yake na kuipeleka kwenye ngeli ya ukubwa kabla hajasema lolote juu ya ubora. Hukumu imeshaanzia kwenye kiambishi. Sijaona filamu ya kujifunzia kilimo bora cha mahindi ikiitwa "picha la mahindi".

Pili, msamiati. Kaka yangu mkubwa alikuwa na banda umiza kabla simu za mkononi hazijamnyang'anya wateja, na nimekulia kwenye mabenchi yale. Picha likiwa limetengenezwa kwa shida lakini kwa moyo, watu walisema "wameungaunga", na walisema kwa upole. Waliokuwa na fedha na nyota na bado wakashindwa, hao "wamechemsha", na hapo hapakuwa na huruma. Commando ya mwaka 1985, ambamo Arnold Schwarzenegger anaangamiza jeshi zima karibu peke yake, ilikuwa na "kamba" nyingi, yaani uongo mtamu. Lakini kamba haikuwa kosa, ilikuwa sehemu ya kiingilio. Kosa lilikuwa "usanii". Msanii maarufu yuko kwenye kasha la kaseti lakini ndani anatokea dakika mbili: usanii. Hadithi ya saa moja na nusu imevutwa ikawa sehemu ya kwanza na ya pili ili ununue mara mbili: usanii. Inauma kwamba neno letu la heshima ndilo limepewa kazi ya kumaanisha ulaghai, lakini ndivyo lugha ilivyoamua.

Linganisha na darasani. Tangu miaka ya sabini, riwaya kama Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974, tumeziweka katika kapu la "fasihi pendwa", na kapu la pili tukaliita "fasihi dhati". Majina yenyewe yanagomba: kinachopendwa hakina dhati, chenye dhati hakipendwi. Filamu za Kiswahili zilipoanza kuvuma, Girlfriend ya mwaka 2003 na zile za kutisha za Mussa Banzi, zikarithi kapu lilelile. Katika semina moja mwenzetu alipendekeza tuhakiki filamu ya Steven Kanumba. Akaulizwa: "Fani iko wapi hapo?" Swali zuri, kama lingeulizwa ili lijibiwe. Umati uliomzika Kanumba mwezi wa Aprili 2012 haukuwa hoja ya ubora, nakubali. Lakini mtu akiniambia filamu ni mbovu bila kuniambia kama wameungaunga, wamechemsha au wametufanyia usanii, bado hajahakiki kitu.

Tena huku kwetu mhakiki amekuwa akifanya kazi ndani ya filamu yenyewe. Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro kule Kenya na mavijei wa Kampala hawakutafsiri tu maneno ya picha za kigeni: walimsimanga adui, walimwonya stelingi, na pale hadithi ilipolegea walisema imelegea. Filamu iliyobeba jambo hili hadi mwisho ni Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa fedha ambazo inasemekana hazikufika dola 200. Bunduki ni za mbao na vyuma chakavu. Helikopta ni za kompyuta na zinaonekana ni za kompyuta. Ulimwengu wa mashabiki uliipenda, na mwaka 2015 kina Nabwana walipoomba dola 160 mtandaoni kwa ajili ya filamu nyingine walichangiwa zaidi ya dola 13,000.

Je, wale wa mbali walikuwa wakicheka kama kina Medved? Baadhi bila shaka. Lakini kicheko chao kinakutana na sauti ya VJ Emmie, ambaye tayari amekwisha kucheka kabla yao, akasifu, akatania, akaitangaza filamu inayofuata. Huwezi kumcheka Nabwana bila kupita kwa Emmie, na Emmie ni wa Wakaliga. Wala huwezi kumruka ukatafuta filamu tupu. Nabwana aliifuta kazi ya awali kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya kutengenezea filamu nyingine. Nakala iliyosalia ni hiyo yenye Emmie anayeongea juu yake tangu mwanzo hadi mwisho.