Gari la Bua na Gari la Waya

Ukitaja magari yanayoundwa na watoto wa Afrika, wengi watafikiria gari la waya. Ndilo wageni wanalolinunua, ndilo linalopigwa picha, na lile la Malawi liliandikiwa hata kitabu cha watoto, Galimoto, kilichotoka Marekani mwaka 1990. Mimi nimelelewa Mvumi, nikafundisha historia na kazi za mikono katika shule za msingi mkoani Dodoma hadi nilipostaafu, na sikubaliani nao. Huku Kanda ya Kati fundi tulimpima kwa gari la bua. La waya lilikuja baadaye, na ni rahisi zaidi.

Bua ninalolisema ni la mtama au uwele. Mvua zetu huanza Desemba na kukatika Aprili, watu huvuna Mei na Juni, kisha mabua hubaki shambani yakikauka yamesimama. Mtoto alikuwa na siku chache tu hapo, maana ng'ombe wakishafunguliwa kuingia mashambani, mabua mazuri huliwa na yaliyobaki hukanyagwa. Alitafuta bua nene kama kidole gumba, lililonyooka, lenye pingili ndefu na lisilotobolewa na funza. Analimenya. Ndani hutoka kiini cheupe, chepesi, kinachokatika vizuri hata kwa wembe uliokwisha makali. Ganda halitupwi: linachanwa vijiti vyembamba, kila kimoja kinachongwa ncha, na hivyo ndivyo misumari ya gari zima. Unachoma kijiti kwenye kipande kimoja cha kiini hadi kiingie cha pili, unavunja kinachochomoza. Hakuna gundi wala kamba. Kiini hubana kijiti chenyewe, na kadiri kinavyokauka ndivyo kinavyozidi kubana.

Siri iko kwenye chesisi. Mtoto asiyejua aliunda gari lote kwa kiini, na lilikunjika katikati siku hiyo hiyo. Anayejua aliacha mabua mawili na ganda lake, akayalaza sambamba yabebe uzito, halafu kabini na bodi ndivyo akavijenga kwa kiini juu yake. Ekseli ilikuwa kijiti kigumu cha mti, kisichomenywa. Magurudumu ndiyo yaliyotutoa jasho. Vipande vya bua vilivyokatwa kwa upana vilikuwa vidogo mno, kwa hiyo tulitafuta kibuyu kilichopasuka, tukakata vigae vyake na kuvisugua juu ya jiwe hadi viwe duara. Na ganda la mtama, mwenye kutaka kujaribu asikie: usiliteleze kidole pembeni. Linachana nyama kabla hujasikia maumivu.

Kipimo nacho kilikuwapo. Lori likisimama kijijini, mtoto alilizunguka akihesabu hatua, na kila hatua ya lori ikawa upana wa kidole kimoja kwenye bua. Hatua ya mtoto ni kama sentimita 50, kidole chake kama sentimita moja na nusu. Piga hesabu, utapata moja kwa 33 hivi. Wanaouza vifaa vya kuundia mifano ya magari ya kijeshi huko Japani na Ulaya hutumia moja kwa 35. Hawakutuiga, nakubali, lakini nasi hatukuwaiga.

Waya wenyewe ulifika Ugogo, nchi ya Wagogo huku kwetu Dodoma, zamani kuliko gari. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa, maji yakiwa mikononi mwa watemi, na anayetaka kunywa na kupita alitoa hongo: vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Kati ya wasafiri wa Kizungu, Burton alipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliilalamikia sana hongo ya Wagogo. Kwangu mimi ni malalamiko ya mtu anayetaka kunywesha umati kwenye kisima cha mwenzake bila kulipa. Nyaya zile zilikunjwa zikawa bangili za mikononi na miguuni. Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma mwaka 1910, mikono inayojua kukunja waya ilikuwapo zamani. Waingereza nao wakaja na barabara yao kuu ya kaskazini, iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Ikashuka kutoka Arusha kwa Babati na Kondoa, ikapita Dodoma kwenda Iringa. Sasa kulikuwa na malori ya kuigwa.

Kisha karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Kongwa mpango wao wa kulima karanga kwa mashine. Walikusanya matrekta yaliyobaki vitani, na hata vifaru vya Sherman vilivuliwa mizinga, vikageuzwa matrekta na kuitwa Shervick. Ardhi ya Kongwa ikikauka haichimbiki, mvua haikutosha, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Mzee mmoja wa huko aliniambia wao waliunda matrekta yale kwa udongo wa kichuguu, minyororo yake ikiwa utepe wa gome la mbuyu. Mashamba yaligeuka ranchi ya ng'ombe, ile ambayo baadaye ilisimamiwa na NARCO, kampuni ya taifa ya ranchi, na penye ranchi pana seng'enge. Vipande vilivyokatika vilikuwa vya anayeviokota. Upande wa Bihawana na Mpunguzi waya ulitoka kwenye mashamba ya zabibu, ambako mizabibu hutambazwa juu ya nyaya.

Katika gari la waya mimi navutiwa na usukani tu. Waya mrefu unapanda kutoka mbele hadi kifuani kwa mtoto anayetembea nyuma ya gari, juu ukiwa na duara la kushika. Chini unapitishwa kwenye kitanzi kilichofungwa kwenye bampa, kisha unakunjwa na kuviringishwa katikati ya ekseli ya mbele. Ekseli hiyo lazima iachwe iyumbe. Ukiikaza kwenye chesisi, gari halikati kona, linaburuzika. Ukizungusha duara juu, ekseli nzima inageuka chini. Gari halisi halifanyi hivyo, kwa sababu ekseli yake hutulia na magurudumu ndiyo hugeuka. Mkokoteni wa magurudumu manne ndio hugeuza ekseli nzima ya mbele.

Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979 nchi iliingia katika uhaba, na magari ya watoto yanaonyesha wazi. Ndala ilivaliwa hadi kisigino kikatoboka, ndipo ikawa magurudumu. Njia nzuri ilikuwa kuchukua kopo dogo la nyanya, ukingo wake mkali ukaukandamiza kwenye ndala huku ukizungusha, gurudumu likatoka duara kamili; tundu ulilitoboa kwa msumari wa moto. Mifuniko ya Kiwi ilifaa kwa malori mazito. Spoku ya baiskeli ikawa ekseli. Unga mweusi wa betri za National zilizokwisha ulitumika kupaka chesisi, kama sisi walimu tulivyoutumia kupaka ubao. Walichoiga kilikuwa kilekile kilichopita barabarani: Scania zilizounganishwa Kibaha na Land Rover 109 ya mkuu wa wilaya, yenye tairi la akiba juu ya boneti.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini watoto waliusadiki serikali ilipohama kweli, kuanzia 2016. Siku hizi ukipita Nkuhungu au Chang'ombe, hapa mjini Dodoma, utakuta V8, magari ya wakubwa wa serikali, zilizokatwa kwenye dumu la lita tano, magurudumu ya vizibo vya chupa za maji, na namba ya serikali, STK, imeandikwa kwa kalamu. Tangu treni ya umeme ifike Dodoma mwaka 2024, kuna pia treni ya maboksi, behewa moja limefungwa kwa jingine kwa uzi. Mvulana aliyekuwa na V8 alinisalimu, "Shikamoo babu," nikamuuliza kwa nini hakuweka usukani.

"Babu, hii waziri hakai mbele."

Niliwahi kumwonyesha yeye na wenzake namna ya kumenya bua, wakalipenda, ila mabua yenyewe ndiyo tabu. Mashamba yaliyouzunguka mji yamepimwa viwanja. Mwenye kutaka ya maana aende Bahi au Chamwino mwishoni mwa Juni, amwombe mwenye shamba kabla mifugo haijafunguliwa, na achukue mara mbili ya anayohitaji. Gari likimalizika alitundike juu. Mbuzi hula gari la bua lote, na huanza na kabini.