Kazi Sifuri

Kidato cha tatu, somo la fizikia, ticha alichora mtu wa vijiti akiwa amebeba gunia kichwani. Akauliza: huyu jamaa akitembea kilomita 20 kwenye barabara tambarare, amefanya kazi kiasi gani kwenye hilo gunia? Sisi tukaanza kuzidisha mbiombio. Yeye akaandika sifuri ubaoni, akaizungushia duara.

Darasa lilicheka. Mmoja wa nyuma akasema huyu ticha hajawahi kutumwa posho mill. Lakini hesabu ilikuwa sahihi. Katika fizikia, kazi ni kani mara umbali, na umbali unaohesabika ni ule tu unaofuata upande ambao kani inaelekea. Kichwa kinasukuma gunia juu, gunia linaenda mbele. Juu halijasonga hata inchi moja. Kazi: jouli sifuri.

Hiyo sifuri ilinikaa kichwani miaka mingi. Nilikuja kukutana nayo tena siku nilipoanza kuchimba historia ya jina la soko la Kariakor hapa Nairobi.

Kariakor ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyohiyo. Tunapita hapo kila siku kununua sandali za akala na vyondo, wengine tunaenda kula nyama choma, na jina tunalotaja ni la watu waliobeba vita kichwani.

Vita vilianza Agosti 1914, Waingereza wakiwa upande huu na Wajerumani wakiwa ng'ambo, katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Mwaka wa 1916 Jenerali Jan Smuts kutoka Afrika Kusini alichukua uongozi na kusukuma jeshi kusini. Alikuja na farasi. Mbung'o wakawamaliza, pamoja na nyumbu na ng'ombe wa kuvuta magari, kwa maelfu. Mvua ziliponyesha, malori yakakwama kwenye matope. Injini zikashindwa, wanyama wakafa, na bunduki, risasi, dawa na unga bado vilitakiwa kufika mbele. Kilichobaki ni shingo na miguu ya watu.

Mwaka wa 1917 serikali ya kikoloni ikafanya msako mkubwa wa wanaume, kazi aliyopewa ofisa John Ainsworth. Machifu waliambiwa walete vijana, na vijana wakaletwa, watake wasitake. Ukijumlisha makoloni yote ya upande wa Waingereza, wapagazi wanakadiriwa kufika milioni moja hivi. Vifo vilivyoandikwa vinapita 40,000. Wako wanahistoria wanaoona kwamba idadi halisi inakaribia 100,000.

Sasa turudi kwa hesabu, kwa sababu maofisa nao walikuwa wanahesabu.

Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25. Kuuinua kutoka chini hadi kichwani, tuseme mita moja na nusu, ni kama jouli 375. Kisha anatembea kutwa, na vitabu vinasema kwenye ule mzigo hajaongeza kitu. Kilo moja ya unga wa mahindi ina nishati ya takriban jouli milioni 14. Ukipima ufanisi wake kama mashine, yaani nishati iliyotoka kwa manufaa ukigawanya kwa iliyoingia, unapata chini ya asilimia 0.003. Balbu ya zamani ya waya, ile iliyochoma vidole, inamshinda mbali sana.

Lakini jeshi lilikuwa na hesabu nyingine. Tuseme amebeba unga wenyewe, na anakula kilo moja kwa siku. Akienda safari ya siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20. Zinazofika ni 5. Hiyo ni asilimia 20. Safari ikiwa ya siku 12 na nusu kwenda, hakifiki kitu: mtu ametoka na mzigo, ameula wote njiani, amerudi mikono mitupu. Kadiri jeshi lilivyosonga mbali na reli, ndivyo lilivyohitaji wapagazi wa kubebea wapagazi chakula, na wengine wa kuwabebea hao. Kila hatua kusini ilidai vijana zaidi kutoka Ukambani, Nyanza, Mlima Kenya na Pwani.

Njia rahisi ya kuongeza ufanisi kwenye karatasi ni kupunguza kinachoingia. Posho ikiwa ndogo, mzigo mwingi unafika. Na hata hiyo posho ilikuwa na shida. Wengi walizoea vyakula vingine kwao, ndizi, viazi, mtama, na ghafla wanapewa unga wa mahindi pekee. Baada ya kutwa nzima ya kutembea, bila kuni za kutosha wala muda, uji ulikuwa haujaiva ukiliwa. Tumbo likaukataa. Kuhara damu kuliua wapagazi wengi kuliko risasi, na malaria na nimonia zikamalizia. Ile nishati ya jouli milioni 14 iliandikwa kwenye daftari kama imeingia mwilini, kumbe ilipita tu.

Hii tabia ya kumpima mtu kama mashine haikuanzia kwetu. Mwishoni mwa karne ya 18, Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, yule wa sheria ya umeme, aliandika kuhusu kiasi cha kazi ambacho mwanadamu anaweza kutoa kwa siku, akitazama watu wanaopanda ngazi na wanaobeba mizigo. James Watt, akitaka kuuza injini za mvuke kwa watu waliotumia farasi, alipima pawa kwa farasi: wati 746 kwa farasi mmoja, tukitumia kipimo chetu cha leo kilichopewa jina lake. Mwaka wa 1829 Mfaransa mwingine, Gaspard-Gustave Coriolis, ndiye aliyelipa neno "kazi" maana ile tunayokariri shuleni. Kwa hiyo kabla kazi haijawa fomula, ilikuwa jasho la mtu aliyelipwa kwa siku, na bosi aliyetaka kujua anapata nini.

Na nishati ya mpagazi inaenda wapi, kama si kwenye mzigo? Inaenda kwenye mwili wake. Kila hatua mwili unapanda kidogo na kushuka, misuli inajikaza na kujilegeza, na nishati nyingi inatoka kama joto. Mwaka wa 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyiwa hapa Kenya, Geoffrey Maloiy akiwa mmoja wa waandishi wake. Walipima hewa waliyopumua wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa ukamba wa kwenye paji la uso. Mzigo ukiwa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, hawakutumia oksijeni ya ziada kabisa. Utafiti wa baadaye ulieleza kwamba miili yao inabembea kama pendulamu kila hatua, ikihifadhi nishati ambayo wengine tunaipoteza. Huo ni ufanisi wa kujifunza tangu utotoni. Lakini mzigo wa kilo 25 kwa kijana wa kilo 55 ni karibu nusu ya uzito wake. Hapo pendulamu peke yake haitoshi kukuokoa.

Kwenye Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Wengi tunapiga selfi hapo bila kujua ni nani. Mishahara ya maelfu waliokufa au kupotea haikuwahi kufika kwa ndugu zao. Na mwaka wa 2021, ripoti ya tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Ticha wangu hakukosea. Ile sifuri ilikuwa jibu la swali dogo: gunia limepata nini? Sisi tulicheka kwa sababu swali la mtu wa vijiti halikuulizwa. Jeshi nalo liliuliza la gunia tu, miaka minne na zaidi, na daftari likafungwa na majina hayamo.

Juzi nilikuwa Kariakor. Jamaa wa mkokoteni alisimama kwenye taa, akafuta uso kwa shati, akaniuliza kama nina maji.