Mapendo ya Bavijana na Kicheko cha Kweli



Likizo hii bavijana wa avenue yetu, hapa Katuba, balinikuta ku nyumba. "Yaya, weye uko na lisansi, tuandikie muchezo wa mapendo, wa kuchekesha." Nikaandika kurasa kumi za Kifaransa. Kijana wa muchezo alisema kama mutu wa sinema ya Marekani. Balipoijaribu, hakuna aliyecheka. Mudogo wangu njo aliniuliza: "Yaya, hapa kwetu nani anasemaka vile?"

Njo nikakumbuka Groupe Mufwankolo, ile bazazi wetu balifuatilia ku radio na televizyo. Mwaka 1986 Johannes Fabian, aliyefundisha ku iniversite ya hapa miaka ya 1970, aliwauliza maana ya musemo mumoja: mamlaka inakuliwaka nzima. Bakajibu kwa kutunga muchezo. Hapakuwa na maneno ya kuandikwa. Balijadiliana, bakagawana nafasi, kisha kila mumoja akatafuta maneno yake mu Kiswahili cha Lubumbashi. Muchezo ukapigwa picha za televizyo ku kijiji cha Kawama, na mwaka 1990 Fabian akatoa kitabu juu yake. Ilikuwa habari ya chifu, haikuwa ya mapendo. Lakini kazi ni ile ile: mutu aseme kama anavyosemaka ku nyumba.

Maneno peke yake hayatoshi. Angalieni La Vie est belle, filamu ya 1987 ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy, iliyopigwa Kinshasa. Papa Wemba anacheza Kuru, mwanamuziki aliyetoka kijiji akawa boyi ku nyumba ya tajiri. Anamupenda Kabibi. Tajiri naye anamutaka, sababu nganga alimwambia aoe bikira na asimuguse siku 30. Tunacheka sana. Lakini ndani ya kicheko kuko swali: masikini atamushinda namna gani mwenye feza?

Basi tukaacha makaratasi yangu. Nikawauliza bavijana: nini inawaogopeshaka mu mapendo? Binti mumoja akasema: simu ni ya baba, na ujumbe unaingia saa ya kula. Hiyo ikawa sehemu ya kwanza. Kijana wa miaka 17, shati ya kaka yake ku mwili, akapiga magoti mbele ya "baba mukwe", akasema: "Papa, mahari nitaleta kidogo kidogo, kama vile tunalipaka minerval."

Wote balicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka mitatu sasa, na lisansi yangu ya kilimo, niko ninaambia familia moja maneno yale yale. Yule mutoto hakujua.

Sikubadilisha hata neno moja. Jumamosi batacheza ku kiwanja chetu, saa kumi. Mukuye na bazazi.