Daktari aliyeuliza kwa simu

Mei 1972, mjini Dallas, daktari mmoja alipanda jukwaani na suti inayompwaya, wigi na barakoa ya mpira. Kipaza sauti kilikuwa kimetegeshwa ili sauti yake isitambulike. Aliwaambia wenzake wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kwamba yeye ni mmoja wao, na ni shoga. Enzi hizo kitabu cha chama hicho cha kuorodhesha magonjwa ya akili kiliwahesabu watu kama yeye kuwa wagonjwa. Angejulikana, kibarua kingeota nyasi. Alikuwa John Fryer, na alijitaja hadharani mwaka 1994.

Aliyesukuma suala hilo mwaka uliofuata ni Robert Spitzer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Hoja yake husahauliwa sana. Hakusema watu huzaliwa hivyo. Alisema ugonjwa wa akili sharti umtese mwenye nao au umzuie kuishi vizuri, na wengi wa watu hawa hawakuwa na mateso hayo. Desemba 1973 bodi ya chama ikakubali kuuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa. Wapinzani wakadai kura ya wanachama wote: 5,854 wakaunga mkono uamuzi, 3,810 wakaupinga. Kioja kweli, ugonjwa kupigiwa kura kama udiwani.

Swali la kuzaliwa au kubadilika likabaki pale pale, na Spitzer mwenyewe ndiye aliyelifufua. Mwaka 1999, nje ya mkutano wa chama Washington, alikutana na watu wenye mabango wakidai kwamba wao wamebadilika. Akaamua kuwauliza. Alihoji watu 200 kwa simu, wanaume 143 na wanawake 57, dakika kama 45 kila mmoja. Wengi wao waliletwa na huduma za kidini na wataalamu waliokuwa wakiinadi tiba ya kuwabadilisha mashoga. Hapakuwa na kundi la kulinganisha nao. Hata hivyo alipochapisha mwaka 2003 kwamba wengi walieleza mabadiliko, habari ilienea kama moto wa nyika: aliyewatoa kwenye orodha ya wagonjwa sasa anasema wanabadilika!

Mwaka 2012, akikaribia miaka 80 na akiugua Parkinson, alimwandikia mhariri wa jarida lililochapisha utafiti huo. Alikiri kwamba hakuwa na njia ya kujua kama maelezo ya waliohojiwa yalikuwa kweli, akawaomba radhi waliopoteza muda na nguvu kwa tiba hiyo. Mwaka uliofuata Exodus International, mtandao wa huduma za kidini za aina hiyo ulioanzishwa mwaka 1976, ulifungwa, na kiongozi wake Alan Chambers naye akaomba radhi.

Swali likafika Kampala. Mapema 2014 Rais Museveni aliwauliza wanasayansi kabla ya kutia saini muswada dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Walimjibu kwamba huo si ugonjwa, na kwamba hakuna jeni moja iliyopatikana. Kilichosikika ni hilo la jeni. Saini ikatiwa Februari 24. Utafiti wa 2019 uliochunguza watu karibu nusu milioni nao haukupata jeni moja, bali nyingi zenye mchango mdogo mdogo. Lakini hata urefu wa mtu hauna jeni moja, na sijamwona aliyejichagulia.

Spitzer alifariki Desemba 2015. Jarida lilichapisha barua yake ya radhi. Makala ya 2003 halikuifuta.