Dawa, na swali la daktari

Katika maduka ya Kahama mtu huuliza dawa ya panya na dawa ya meno kwa pumzi moja, na kunyunyizia pamba huko Shinyanga ni kupiga dawa. Msukuma naye ana *bugota*, inayobeba majani ya kuponya pamoja na kinga ya mji. Naupenda upana huo: unatambua kwamba kinachoponya na kinachoua huweza kutengana kwa kipimo tu.

Sindano ya makunyanzi ni ushahidi wake. Ndani mna sumu ya botulinamu, ile iletwayo na chakula kilichoharibika, ila kwa kiasi kidogo mno. Huzuia neva isimwage asetilikolini, msuli wa paji ukatulia, mikunjo ikalainika kwa miezi mitatu au minne.

Kabla ya sindano hiyo, daktari anapouliza, "Mama, unatumia dawa yoyote?", neno hilo pana husinyaa ghafla. Kiambishi *-na-* kimeulizia mazoea, na dawa imekuwa ile ya ugonjwa unaoendelea. Mama aliyetoka Geita kwenda kudungwa Mwanza atajibu hapana, na hasemi uongo. Aspirini ya juzi ilikuwa ya kichwa, na kichwa kimepoa. Diklofenaki ilikuwa ya mgongo, baada ya kutwa nzima kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya samaki ni virutubisho, ndugu wa chakula. Kumbe aspirini huzizuia chembe sahani zisigandane kwa siku saba hadi kumi, na hivyo vingine navyo vyaweza kuongeza kuvilia kwa damu palipochomwa. Kizito zaidi ni jentamaisini, dawa ya kuua bakteria: nayo hupunguza mawasiliano ya neva na msuli, hivyo yaweza kuizidishia sumu makali, kope zikalegea au kumeza kukawa kugumu.

Istilahi mpya ya virutubisho haitatosha hapa. Ningeacha nomino, nitumie vitenzi na *-me-*: wiki mbili hizi umemeza nini, umekunywa nini, umechomwa sindano gani, umepaka nini? Hicho cha mwisho kisirukwe katika ukanda wa dhahabu wala kwingineko, maana zebaki inayonasa dhahabu kwenye mialo ya wachimbaji huko Rwamagasa, Geita, imewahi kukutwa pia katika krimu za kung'arisha ngozi.

Na kila akitaja kitu, aulizwe nani alimpa. Aspirini aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo haiachwi kwa sababu ya makunyanzi, mpaka aliyeiandika aseme.