Mkono Ulioandika

Katika darasa letu la uzamili wa elimu maalumu, somo la mawasiliano kwa wasaidizi wa wanafunzi huanza na orodha: tumia sentensi fupi, tumia picha, subiri jibu, usimsemee mwanafunzi. Hilo la mwisho lina historia ndefu na chungu, nami naona kila msaidizi angepaswa kuijua.

Historia hiyo inaanzia Melbourne, Australia, miaka ya 1970. Katika Hospitali ya St Nicholas waliishi watoto wenye ulemavu mkubwa, ambao wengi waliamini hawana la kusema. Mfanyakazi mmoja, Rosemary Crossley, hakukubali. Alimshika mkono Anne McDonald, msichana mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kuongea, ili aonyeshe herufi ubaoni. Sentensi zikatokea. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Victoria ilimruhusu Anne kuondoka hospitalini.

Profesa Douglas Biklen wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, aliiona mbinu hiyo Australia, na makala yake ya mwaka 1990 ikaisambaza. Wasaidizi wakafundishwa kushika kiganja, kifundo au kiwiko cha mwanafunzi mwenye usonji mbele ya kibodi. Watoto ambao hawakuwahi kutamka neno wakaonekana kuandika mashairi na kujibu maswali ya darasani. Wazazi waliokuwa wamesubiri miaka mingi wakasoma "nakupenda" kwa mara ya kwanza. Nani angethubutu kutilia shaka?

Kisha kibodi zikaanza kutoa tuhuma: baba amenidhulumu kingono. Watoto wakaondolewa majumbani, wazazi wakapelekwa mahakamani. Sasa ilibidi kuuliza ni nani hasa anayeandika.

Kipimo kilikuwa rahisi. Mwanafunzi anaonyeshwa picha moja, msaidizi anaonyeshwa nyingine, na hakuna anayeona ya mwenzake. Katika kesi moja ya jimbo la Maine, mtaalamu Howard Shane alimpima msaidizi Janyce Boynton na mwanafunzi wake. Mwanafunzi alionyeshwa ufunguo, Boynton kikombe. Kilichoandikwa ni kikombe. Katika kituo cha O.D. Heck, jimbo la New York, walipimwa wakazi 12 na wasaidizi 9. Katika majaribio 180 halikupatikana hata jibu moja lililothibitisha kwamba mkazi ndiye aliyeandika. Mwaka 1994 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitangaza kwamba mbinu hiyo haina uthibitisho wa kisayansi.

Wasaidizi hao hawakuwa waongo. Tangu mwaka 1853 Michael Faraday alikwisha kuonyesha kwamba watu waliodhani meza inazungushwa na mizimu waliisukuma kwa mikono yao wenyewe bila kujua. Mkono hufuata matarajio ya mwenye mkono. Boynton mwenyewe aliyakubali matokeo, akaiacha mbinu hiyo, na baadaye akaandika hadharani kuipinga.

Linalonisumbua zaidi ni yule mwanafunzi aliyeona ufunguo. Majaribio hayakuthibitisha kwamba hana mawazo. Yalithibitisha kwamba wakati wote ule, huku watu wazima wakisherehekea sentensi zake, hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Kwanza alinyamazishwa na waliosema hana la kusema, kisha na waliomsemea kwa upendo.

Tena si kwamba mkono wa msaidizi ni haramu. Mwaka 1985, huko Delaware, Andy Bondy na Lori Frost walibuni mfumo ambao mtoto humpa mwenzake picha ya kitu anachokitaka. Mwanzoni msaidizi huketi nyuma ya mtoto na kumwongoza mkono, bila kusema neno. Lakini mtoto ndiye anayeanza kukifuata kitu, na kazi ya msaidizi ni kupunguza msaada wake hatua kwa hatua mpaka mtoto atoe picha peke yake. Akipewa asichokitaka, atakisukuma pembeni, na hilo nalo ni neno.

Ndiyo maana nikisoma orodha yetu siku hizi, naanzia mwisho. Kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi "amesema", msaidizi ajiulize: ningeondoa mkono wangu, neno hili lingebaki? Kama lingebaki ni picha moja tu ya uji, basi aandike uji.